Nafasi za uzamivu zikifutwa vyuoni, mkulima atapanda mara mbili

MKULIMA wa mahindi wa Kilosa, Mvomero au Kilombero hahitaji kuelezwa panya wa shambani ni nani. Amepanda jana mbegu ya dukani, aliyoilipia fedha taslimu, na baada ya siku tatu nne anakuta mstari mzima wa vishimo vimechimbuliwa kimoja baada ya kingine, kana kwamba mtu alipita hapo na kijiti. Anarudi kwa wakala wa pembejeo kununua mbegu nyingine, wakati mvua haimsubiri.

Jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya elimu iliyopo nchini kuhusu panya huyo ilikusanywa na vijana waliokuwa wakisomea shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe Dakta bila kuwa mganga wa hospitali. Nafasi za vijana hao katika idara za sayansi za vyuo vikuu ndizo zinazotikisika hivi sasa. Habari hizo hazijafika sana vijijini kwa sababu zinaonekana kuwa ni habari za wasomi na posho zao.

Ukweli ni kwamba zinamgusa mkulima mfukoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na wenzao wa Ubelgiji wamekadiria kuwa panya huharibu wastani wa asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka, chakula ambacho kingetosha watu wapatao milioni 2. Kwa mwenye shamba la kutoa magunia 20, hiyo ni gunia 1 hadi 3. Huo ni wastani tu. Mwaka wa mlipuko, shamba zima linaweza kuliwa kabla halijaota.

Panya mwenyewe ni yule mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Hapaswi kuchanganywa na panya buku, wale wakubwa waliofunzwa na shirika la APOPO hapo hapo SUA kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya buku wameipatia Morogoro sifa duniani kote. Huyu mdogo hana sifa yoyote isipokuwa uzazi wake: jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja.

Swali lililowasumbua watu kwa miaka mingi ni kwa nini mwaka mmoja panya ni wa kawaida na mwaka mwingine wanafurika hadi mamia kwa hekta moja. Wapo waliosema ni moto wa nyika, wengine wakasema ni mavuno mengi, na wengine wakasema ni mkono wa mtu. Jibu lilianza kupatikana miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakati Herwig Leirs, kijana wa Ubelgiji aliyekuwa akifanya utafiti wake wa uzamivu, alipokaa Morogoro akinasa panya na kuwahesabu, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1997 jarida la sayansi la Nature lilichapisha kazi yake na wenzake iliyotokana na panya hao wa Morogoro.

Walichokibaini kinaeleweka bila darasa. Katika mwaka wa kawaida panya huanza kuzaa baada ya mvua za masika kukolea, na watoto wao hukaa hadi mwaka unaofuata ndipo nao wazae. Lakini mvua za vuli zikiwa nyingi, hasa Novemba na Desemba, majani na mbegu za porini huwahi, panya nao huwahi kuzaa, na watoto wa uzao wa kwanza hukomaa na kuzaa ndani ya msimu huohuo. Vizazi viwili huingia mahali pa kimoja. Hapo ndipo mlipuko hutokea. Kwa maana hiyo, mwenye kipimo cha mvua na hesabu ya panya anaweza kujua mapema kuwa mwaka ujao ni wa hatari.

Ili kuendelea kupata hesabu hiyo, SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp walitenga eneo la hekta 3 mjini Morogoro mwaka 1994. Kila mwezi, kwa usiku tatu mfululizo, mitego 300 hutegwa humo ikiwa na chambo cha siagi ya karanga na unga wa mahindi. Panya hunaswa hai, hupimwa, hutiwa alama na kuachiwa. Kazi hiyo imefanyika kwa zaidi ya miaka ishirini, na takwimu zake ni miongoni mwa zile za muda mrefu zaidi juu ya mnyama mdogo katika bara zima la Afrika. Haina uzuri wowote wa kupigiwa picha. Ni kuamka alfajiri, kutembea kwenye umande na kuandika namba.

Nani anaamka alfajiri hiyo? Ni mafundi wa kituo, ambao wamekuwa nguzo kwa miaka yote, pamoja na wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Profesa huwa na vipindi vya kufundisha, mitihani ya kusahihisha na vikao visivyokwisha. Mtu pekee katika idara ya sayansi ambaye kazi yake ya kila siku ni utafiti mtupu, kwa miaka mitatu au minne, ni mwanafunzi wa uzamivu. Ndiyo maana nafasi hiyo si jambo la mtu kutafuta cheo tu. Idara isiyo na wanafunzi wa uzamivu hufundisha yale yaliyogunduliwa na wengine.

Nafasi yenyewe hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya mhadhiri msaidizi ambaye tayari ameajiriwa na chuo, akaruhusiwa kwenda kusoma huku akiendelea kupata mshahara. Ya pili ni ya anayejilipia, ambaye mara nyingi ni mtumishi wa serikali anayesoma huku anafanya kazi, na ambaye huchukua muda mrefu kumaliza. Ya tatu ni ya mradi: profesa ameandika andiko la utafiti, mfadhili amekubali, na ndani ya bajeti kuna ada ya mwanafunzi mmoja au wawili, posho ya kujikimu, mitego, kemikali za maabara, mafuta ya gari na malipo ya vibarua.

Hiyo ya tatu ndiyo inayobeba utafiti wa mashambani, kwa sababu mshahara wa mhadhiri msaidizi haununui mafuta ya gari la kwenda Kilosa mara mbili kwa mwezi. Na fedha za miradi kwa sehemu kubwa zimetoka nje. SUA ilipata fedha za Norway kupitia mipango iliyofuatana, ikiwamo PANTIL kati ya 2005 na 2010 na baadaye EPINAV. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshirikiana na Sweden tangu miaka ya 1970 katika kusomesha watafiti, mwanafunzi akigawa muda wake kati ya nyumbani na vyuo vya huko. Ubelgiji imebeba sana utafiti wa panya.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia nayo iliidhinisha dola milioni 140 kwa vituo vya umahiri 24 katika vyuo vikuu vya nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilipata vinne, viwili SUA na viwili katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kimoja kati ya vile vya SUA kilihusu udhibiti wa panya waharibifu, na kilileta Morogoro wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi jirani pia.

Hapa msomaji anapaswa kusimama kidogo. Fedha hizo huitwa za wafadhili, lakini zile za Benki ya Dunia zilizokuja Tanzania ni mkopo wa masharti nafuu. Ndivyo ilivyo pia kwa mradi mkubwa wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kama HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 425, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu. Mkopo hulipwa na walipa kodi. Mkulima anayekatwa ushuru wa mazao na mfanyabiashara wa mahindi anayelipia leseni wamo ndani ya deni hilo, na kwa hiyo wana haki ya kuuliza limezaa nini.

Upande wa misaada halisi, hali imebadilika kwa kasi. Mwezi Juni 2023 Serikali ya Sweden ilisitisha fedha mpya za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia baraza lake la utafiti. Mwanzoni mwa 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na maabara nyingi za kilimo zilizoko katika vyuo vikuu vya Marekani chini ya mpango wa Feed the Future zikapokea barua za kufutiwa mikataba. Maabara hizo zilikuwa zikilipia wanafunzi wa shahada za juu wa Kiafrika. Shirika la USAID lenyewe lilikoma Julai 1, 2025, na shughuli zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Desemba 2025 Sweden ikatangaza kuwa itaondoa misaada yake ya maendeleo kwa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, ili fedha nyingi zaidi ziende Ukraine.

Kwa mwanafunzi wa uzamivu aliye katikati ya kazi, barua ya namna hiyo haina maana sawa na ile anayoipata mfanyakazi wa ofisini. Ofisi ikifungwa miezi mitatu inaweza kufunguliwa ikaendelea ilipoishia. Utafiti wa shambani hauwezi. Fedha zikichelewa kutoka Oktoba hadi Januari, vuli imepita. Mitego haikutegwa katika miezi ileile inayotoa jibu. Mwanafunzi amepoteza mwaka mzima kati ya mitatu aliyopewa, na kwenye daftari kunabaki pengo ambalo hakuna fedha ya baadaye itakayoliziba. Mkulima aliyewahi kupata mbegu ya ruzuku mwezi mmoja baada ya mvua anaelewa hasara ya aina hii kuliko mhasibu yeyote.

Kuna kasoro nyingine ambayo haikuletwa na 2025. Nafasi ya uzamivu ni ya miaka mitatu au minne, na mwanafunzi wa panya huona vuli tatu tu. Inawezekana kabisa zote tatu zikawa za kawaida, asione mlipuko hata mmoja. Kazi yake inakuwa na maana kwa sababu kuna daftari lililoanzishwa na wengine kabla yake, na ambalo atawaachia wengine. Wafadhili hupenda kulipia kitu kipya chenye mwanzo na mwisho. Ni vigumu kumpata anayelipia mwaka wa ishirini na tano wa kuhesabu panya walewale.

Tena anayelipa huchagua kipimo. Katika vituo vile vya Benki ya Dunia, fedha zilitolewa kwa kufuata matokeo yaliyokubaliwa, na matokeo hayo yalikuwa idadi ya wanafunzi, ithibati ya programu, makala katika majarida na mapato ambayo kituo kimejitafutia. Ni vipimo vya maana kwa chuo. Magunia yaliyookolewa shambani hayakuwamo. Mhadhiri naye hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, nyingi zikiwa za Kiingereza katika majarida ambayo afisa ugani wa kata hajapata kuyaona. Haifai kumlaumu mtafiti kwa kufuata njia aliyochorewa. Lakini matokeo yake ni kwamba utabiri wa panya uliokwisha kuelezwa katika jarida la Ulaya mwaka 1997 haujulikani na wakulima wengi wanaoishi saa moja kwa basi kutoka Morogoro mjini, na sumu ya panya mara nyingi hufika kijijini mbegu zikiwa zimekwisha kuliwa.

Yako mazao ambayo wenyewe wameshiriki kulipia utafiti wao. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), iliyoanza kazi mwaka 2001 ikiwa na makao Lyamungu, Kilimanjaro, imekuwa ikipata sehemu ya fedha zake kutokana na makato kwenye mauzo ya kahawa. Miche yake chotara inayohimili chulebuni na kutu ya majani imewapunguzia wakulima gharama ya kupiga dawa. Mkulima wa kahawa akiona bodi ya taasisi inazembea, ana mahali pa kupeleka malalamiko, kwani fedha ni yake.

Korosho inaonyesha upande wa pili. Kwa miaka kadhaa, sheria ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje irudi kuendeleza zao hilo, na kituo cha Naliendele, Mtwara, kilikuwa miongoni mwa walioitegemea. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya wabunge wa kusini kupiga kelele. Kwa hiyo hata fedha ya nyumbani huweza kukatika kwa siku moja kama ile ya Washington.

Mahindi hayana hata hicho cha kunyang'anywa. Ni zao linalolimwa karibu kila mkoa na halina makato ya utafiti. Kinachokatwa ni ushuru wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru huo hulipia mambo mengi ya wilaya, kuanzia posho za vikao hadi madawati. Hakuna sheria inayoizuia halmashauri ya wilaya yenye panya wengi kuingia mkataba na chuo, ikalipia mwanafunzi mmoja atege mitego katika vijiji vyake. Gharama ya mwanafunzi mmoja ni ndogo kuliko mbegu ambayo wilaya nzima hununua mara ya pili mwaka wa mlipuko.

Serikali Kuu nayo ina mlango wake. Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE), ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), umekuwapo tangu 1995. Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimizana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti ifikapo 2010. Tanzania bado haijafika hapo. Kenya ilikwenda mbali zaidi, ikaandika asilimia 2 ndani ya sheria yake ya mwaka 2013, na hadi leo wanasayansi wa huko wanadai sheria yao itekelezwe. Wanafunzi wanaofanya vizuri sana katika sayansi kidato cha sita wamekuwa wakipata ufadhili wa Rais Samia tangu 2022, jambo jema, lakini huo ni wa kuingilia chuoni kwa shahada ya kwanza. Miaka saba au minane baadaye, kijana huyohuyo atakapotaka kufanya utafiti, atasubiri tena barua kutoka nje.

Wapo watakaosema nchi ina madaktari wa falsafa wa kutosha na kwamba kinachokosekana ni maafisa ugani. Hoja hiyo ina uzito, kwani kata nyingi hazina bwana shamba. Hata hivyo, bwana shamba hawezi kupeleka kijijini kitu ambacho hakijajulikana. Viwavijeshi vamizi walipoingia barani mwaka 2016 na kuenea hadi Afrika Mashariki mwaka uliofuata, waliokuwa na mashamba ya majaribio na vijana wa kuyasimamia ndio walioweza kujibu maswali ya mwanzo. Tauni iliyowasumbua watu wa Lushoto tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilihitaji watu waliokwisha kuwajua panya na viroboto wao kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa.

Kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima, jambo la karibu zaidi halihitaji hata fedha. Mwanafunzi wa uzamivu anayekuja kijijini hupitia ofisi ya wilaya na ya kijiji akiwa na barua ya utambulisho. Hapo ndipo pa kumwambia kuwa anakaribishwa, na kwamba kabla hajaondoka atasimama kwenye mkutano wa kijiji na kueleza kwa Kiswahili alichokipata, hata kama ni nusu ya jibu. Vijiji vingi hujaza hojaji ya kurasa ishirini, vikapewa soda, na havimwoni mtu huyo tena.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli kila mwaka, na redio zote husoma. Mwelekeo wa panya hakuna anayeutangaza. Ifikapo mwisho wa Desemba vuli imekwisha kujionyesha, na katika maeneo mengi ya Morogoro mahindi ya masika hupandwa kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi. Katikati kuna wiki nane hivi. Zinatosha wakala wa pembejeo kuagiza mbegu ya ziada, majirani kukubaliana kufyeka mapori ya mipakani na kupanda siku moja, na wilaya kuleta sumu kabla ya jembe badala ya baada yake, iwapo Novemba na Desemba kulikuwa na mtu aliyelipwa kwenda kuangalia mitego.